Je, wajua ni kwa nini bunduki nyingi tunazoziita AK-47 si AK-47?

Bunduki ambayo magazeti ya Kenya huiita AK-47, na ya Tanzania mara nyingi huiita SMG, hudhaniwa na wengi kuwa ni AK-47 halisi iliyotoka Urusi. Dhana hiyo ina makosa mawili. Kwanza, jeshi la Umoja wa Kisovyeti liliipokea AK-47 mwaka 1949, na ilipofika 1959 lilikwisha kupitisha AKM, bunduki nyepesi zaidi iliyochukua nafasi yake. Kwa hiyo nyingi za Kisovyeti zinazoitwa AK-47 ni AKM. Pili, nyingi zilizofika Afrika hazikuwa za Kisovyeti hata kidogo, bali za China, aina ya Type 56, nakala iliyopewa jina la mwaka ilipoingizwa jeshini, 1956. Jina hilo nalo linahitaji uangalifu, kwa sababu China ililitumia pia kwa nakala zake za karabini (bunduki fupi) ya SKS na bombomu la RPD.

Tofauti kubwa kati ya bunduki hizi imo katika kisanduku cha kati, kile kinachobeba mtutu, magazini na mtambo wa kufyatulia. Wasovyeti walianza kukitengeneza kwa bati la chuma lililokunjwa, lakini vilivyoharibika kiwandani vilikuwa vingi mno, wakalazimika kukichonga kwa mashine kutoka katika bonge zima la chuma. Ni sawa na kinu na ndoo ya bati: kinu huchongwa katika gogo moja, kikawa imara, kizito na chenye kuacha mabaki mengi ya mbao kuliko mbao iliyobaki; ndoo hukunjwa upesi kwa bati jembamba, lakini uimara wake wote unategemea maungio. AKM ilifaulu pale maungio hayo, yaliyokazwa kwa ribiti, yalipoweza hatimaye kuhimili mshindo wa risasi.

China ilipewa teknolojia hiyo katikati ya miaka ya 1950, enzi ya kinu, kwa hiyo Type 56 za mwanzo zilichongwa. Uhusiano wa Beijing na Moscow ukavunjika, na Wachina walipohamia kwenye bati katika miaka ya 1960 walitumia bati la milimita 1.5, ilhali la AKM ni la milimita 1 tu. Hapa ndipo nakala inapopendeza kuchunguzwa, kwa kuwa iliacha kumfuata mwalimu wake ikashika njia yake yenyewe.

Silaha hizo zilisambaa mbali. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walifundishwa na wakufunzi wa Kichina kambini Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na katika miaka ya 1980 Marekani ilizinunua kutoka China na kuwapelekea mujahidina wa Afghanistan kupitia Pakistan.

Anayetaka kuitambua aangalie mdomoni mwa mtutu: ncha ya kulengea ya Type 56 imezungushiwa pete iliyofungika kabisa, ilhali ya Kisovyeti iko wazi kwa juu. Nyingi zina pia singe iliyofungwa moja kwa moja chini ya mtutu, inayokunjwa kuelekea nyuma. Hata hivyo, pete peke yake haithibitishi kwamba bunduki imetoka China, kwa sababu Albania nayo ilitengeneza nakala ya nakala hiyo. Alama iliyo thabiti zaidi ni muhuri wa kiwanda uliogongwa ubavuni mwa kisanduku: mara nyingi nambari 66 ndani ya pembetatu.