Kulala loji ya Serengeti: yanayosemwa na yalivyo

"Loji ina uzio, wanyama hawaingii."
Nyingi zilizo ndani ya hifadhi hazina uzio wowote. Nyati hulisha kando ya njia za kwenda vyumbani, fisi hunusanusa jikoni, na kiboko akitoka mtoni anaweza kula nyasi za bustani hadi alfajiri. Kwa hiyo giza likiingia hutembei peke yako, hata kama chumba kiko hatua thelathini tu kutoka mgahawani. Unamwita askari kwa redio ya upepo, filimbi au tochi, kama ulivyoelekezwa ulipofika, naye anakuja kukuchukua. Sharti hili huvunjwa kirahisi usiku wa pili, mtu akishaona wa kwanza umepita salama.

"Simba atapasua hema."
Hema lililofungwa zipu hadi chini, simba hulipita kama anavyopita kichuguu. Hatari huanzia kwa mgeni mwenyewe: zipu iliyoachwa wazi, biskuti mkobani, ndizi mezani. Nyani na tumbili hufungua zipu kwa vidole, wakavuruga kila kitu kwa dakika chache. Vyakula vyote, hata peremende za watoto, vikabidhi mapokezi. Vichwa viwili vya zipu vifunge pamoja kwa klipu au kamba fupi. Viatu vya ngozi usiviache barazani, fisi huvitafuna.

"Savana ni joto muda wote."
Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako wengi hulala wakiwa njiani, unapita mita 2,200. Juni hadi Agosti, saa 12 asubuhi ndani ya gari lililofunguliwa paa, utahitaji sweta, koti la kuzuia upepo na kofia ya sufu. Baadhi ya kambi huweka chupa ya mpira yenye maji ya moto chini ya blanketi. Usipoambiwa mapema, utapiga kelele ukiikanyaga kwa mguu.

"Adui ni mbu tu, na lazima uvae kaki."
Mbu wa malaria huuma usiku, na malaria ipo. Anayetoka mahali pasipo na malaria aonane na daktari kabla ya safari, na asikatishe dawa ya kinga akirudi: atovakwoni-proguanili huendelea siku 7, doksisaiklini wiki 4.

Mchana kuna ndorobo, hasa kwenye miti mingi. Huyu hufuata gari linalokwenda, huuma kupitia kitambaa chembamba, na dawa za kujipaka humzuia kidogo tu. Huvutwa sana na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi kaki si lazima: kahawia, kijani iliyofifia au kijivu vinatosha, mradi kitambaa kiwe kizito. Kombati za jeshi acha kabisa. Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuzivaa.

"Nimelipa ghali, umeme na maji havina kikomo."
Kambi nyingi hutegemea sola na betri. Simu na kamera utachaji bila shida, lakini mashine ya kukausha nywele hula wati elfu moja na zaidi, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri, ikajizima na hema zima likakosa umeme. Bafu la ndoo huwa na kama lita 20: lowa, funga bomba, paka sabuni, kisha suuza. Agiza nusu saa kabla, maji yapate kuchemshwa.

"Begi ni begi."
Kwa ndege ndogo, kikomo cha kawaida ni kilo 15, begi la mkononi likiwemo. Liwe laini lisilo na fremu, maana la plastiki ngumu halipenyi kwenye sehemu ya mizigo iliyo chini ya tumbo la ndege.

"Kiingilio ni cha siku nzima ya kalenda."
Huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa 4 asubuhi, panga kutoka kabla ya saa 4 ya siku inayofuata, la sivyo utalipia tena. Anayetoka Arusha kwa barabara hulipa pia kupita Ngorongoro, hata asiposimama kuangalia mnyama.

"Ni pa wazungu."
Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni wa dola, na loji nyingi zina bei ya wakazi usiyoikuta tovutini. Piga simu uulize, na ubebe kitambulisho. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nayo ina hosteli na mabanda Seronera. Aprili na Mei bei hushuka zaidi, ila udongo mweusi ukilowa hunasa magari na baadhi ya kambi hufungwa. Kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza kama gari utakalopewa linavuta kwa magurudumu yote manne.