Mzee Asiachiwe Kiti Siku Nzima

Katika kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ushauri ninaolazimika kuupinga mara kwa mara hautoki kwa wagonjwa bali kwa watoto wao, tena hutolewa kwa mapenzi: "Mama, umeshafanya kazi ya kutosha, sasa kaa upumzike." Basi mama aliyekuwa akifagia uwanja, akikuna nazi juu ya mbuzi na kwenda sokoni kwa miguu huondolewa shughuli moja baada ya nyingine, mpaka analetwa kwangu akilalamika kwamba magoti yamekwisha nguvu. Nia ni njema, ila msuli usiotumika hunywea.

Kunywea huko huanza polepole mtu akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu na kushika kasi baada ya miaka 60. Kinachopungua upesi zaidi ni wepesi, yaani uwezo wa msuli kujikaza kwa ghafla, na huo ndio unaomwokoa mtu anapojikwaa kwenye kizingiti usiku. Isitoshe, misuli ya mapaja inapofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayodhibiti sukari hiyo, inapokuwa dhaifu, na kwa sababu hiyo mwenye kisukari ana haja nayo kuliko wengine.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wawe na wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili, kiwango ambacho mtoto aliyeachiwa acheze rede na kombolela hukifikia bila kuhimizwa. Watu wazima wanatakiwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika hizo wengi wanazijua. Wanachokisahau ni mazoezi ya kuimarisha misuli, angalau siku 2 kwa wiki, na kwa waliotimiza miaka 65, mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, siku 3 au zaidi. Kutembea peke yake hakutoshi.

Anayedhani umri umeshapita aangalie utafiti wa Maria Fiatarone na wenzake uliochapishwa mwaka 1990 nchini Marekani. Wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye wastani wa miaka 90, walifanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8, na nguvu za mapaja ya 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kundi lilikuwa dogo, nakubali, lakini tafiti zilizofuata zimeelekea huko huko.

Nyumbani huhitaji vyuma vya kunyanyua. Egemeza kiti imara ukutani, kaa ukingoni, vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, kunja mikono kifuani, inamisha kiwiliwili mbele, kisha inuka. Unapokaa, shuka taratibu bila kujibwaga, maana kushuka ndiko kunakojenga zaidi. Asiyeweza aanze kwa kushika meza. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aonane na daktari kwanza. Mwenye magoti yaliyosagika asijitoe, kwa kuwa mapaja yenye nguvu hulipunguzia goti mzigo, na maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si dalili ya kuumia.