Je, wajua kwa nini askari wastaafu wa Marekani wanaomba bangi badala ya dawa za maumivu za hospitali?

Juzi jioni kwa baraza yetu huku Kibokoni, Mombasa, kuna mzee mmoja, alihudumu navy pale Mtongwe miaka ile, akaja na swali akaliweka katikati kabla kahawa haijapoa. Kaona video kwa simu ya mjukuu wake, askari mstaafu wa Kimarekani, kofia ya jeshi kichwani, yuwalia mbele ya watu akisema apewe bangi manake vidonge vya hospitali vishawamaliza wenzake. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, hii dunia ilipinduka lini? Sisi kambini ukishikwa na msokoto kazi imekwisha, huyu aomba apewe na daktari?"

Nikamwambia ngoja nikasome. Nikasoma siku kadhaa usiku usiku na kusema kweli nilianza nikidhani ni wavutaji tu wametafuta kisingizio. Si hivo, na pia si vile wale wanaoiita bangi "mti wa Mungu" wanavosema.

Tuanze na hivo vidonge. Vinaitwa opioidi, ni ukoo mmoja unaofanya kazi kama afyuni, ile ambayo wazee wetu waliita kasumba (naam, "kasumba ya kikoloni" tunayoimba kila siku, kasumba yenyewe ni afyuni, yaani kitu cha kukulaza ukiwa macho). Kwa ukoo huo kuna mofini, kodini, oksikodoni, fentanili, kuna trama (tramadoli) ambayo vijana wetu wanaijua kuliko majina ya shangazi zao, na kuna unga. Ndio, unga huu huu wa mitaani kwetu. Unga ni heroini, na heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Kwa hivo mtu wa Mombasa hahitaji kuelezewa sana opioidi ni nini, ameshaona mtoto wa jirani amekaa kwa ngazi kichwa chaning'inia, ameshaona arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ameshazika.

Huko Marekani sasa, 1996 kampuni ya Purdue ilitoa OxyContin, oksikodoni ya kutolewa pole pole mwilini, ikaipigia debe kwa madaktari kwamba haina uraibu kama zile zingine. Uongo, na 2007 kampuni ilikubali kosa kortini kwa kudanganya kuhusu hatari ya dawa hiyo. Lakini katikati ya hiyo miaka ndo vita vya Afghanistani na Iraki vimeanza, vijana wanabeba mizigo kilo na kilo mgongoni kwenye mawe, wanalipuliwa na mabomu ya barabarani, na kwa vile matibabu ya vitani yameboreka mtu ambaye zamani angekufa palepale sasa anarudi nyumbani hai lakini mgongo umekufa, goti limekufa, na usingizi haupo. Wakirudi wanapewa nini? Vidonge. Watafiti waliangalia takwimu za 2005 za wagonjwa wa idara ya Marekani inayohudumia askari wastaafu, wakakuta wanakufa kwa kuzidisha dawa kwa bahati mbaya karibu mara 2 ya raia wa kawaida. Basi yule wa kwenye video halilii starehe, alilia wenzake.

Sasa kwa nini vinaua? Hapa nataka tukae kidogo manake ndo kiini cha swali la mzee.

Opioidi hufanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi fulani vya mishipa ya fahamu, chukulia ni kama tundu la kufuli na dawa ni ufunguo. Ufunguo ukifungua, habari ya maumivu inayotoka mguuni inapungua nguvu njiani, na ikifika ubongoni haikusumbui tena. Vizuri mpaka hapo. Shida ni kwamba kufuli hizo hizo ziko kwa wingi kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na shingo, ambapo kuna kile kituo kinachokufanya upumue bila kufikiria. Kituo hiki hupima hewa chafu ikijaa kwenye damu kikakuamrisha uvute pumzi, na opioidi inakituliza kama inavotuliza maumivu, inakiambia hakuna haraka, lala. Kipimo kikizidi, au ukichanganya na pombe au dawa za usingizi, pumzi inakuwa moja moja, alafu inakoma. Mtu hafi kwa sumu tumboni, anakufa kwa kusahau kupumua. Ndo maana ile sindano au dawa ya puani ya naloksoni inaweza kumrudisha mtu kwa dakika chache tu, manake inaung'oa ufunguo kwenye kufuli, pumzi inarudi.

Alafu kuna mtego wa pili. Mwili huzoea. Kidonge kimoja cha leo mwaka kesho hakikutoshi, unaongeza, na mazoea ya utulivu wa maumivu hayaendi sambamba na mazoea ya pumzi, kwa hivo pengo kati ya kipimo kinachokusaidia na kile kinachokuua linazidi kuwa jembamba. Na watu wengine wakitumia muda mrefu maumivu yenyewe yanaongezeka kwa sababu ya dawa, yaani mishipa inakuwa kali zaidi. Umekunywa dawa ya maumivu inakuletea maumivu. Na mtu akiacha miezi miwili alafu akarudia kipimo chake cha zamani, ndo huyo tunayemzika.

Bangi nayo? Mwili wetu una kufuli zake za mti huu, tena zilijulikana baada ya mti wenyewe kuchunguzwa. THC, kile kinacholewesha, kilitengwa 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. 1992 kundi la Mechoulam likapata kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofungua kufuli hizo, wakakiita anandamaidi kutoka neno la Kisanskriti ananda, furaha. Kazi yake ni ya ajabu kidogo, mshipa unaopokea habari huurudishia ujumbe ule unaoituma, ukauambia punguza sauti. Fikiria jirani amefungulia taarabu saa nane za usiku, alafu wewe unagonga ukuta. Anandamaidi ni huko kugonga ukuta.

Na hapa ndo jibu: kwenye ile sehemu ya shina la ubongo inayosimamia pumzi kufuli za bangi ni chache sana. Mtu mzima akizidisha bangi atatapika, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, ataona askari wanne kwenye kabati, anaweza kujuta maisha yake yote, lakini hatosahau kupumua. Tofauti hiyo tu. Kwa mtu aliyepoteza wenzake kwa kusahau kupumua, hiyo "tu" ni kubwa mno.

Lakini kutoua hakumaanishi kutibu, na watu wengi wanaoposti hizi habari wanaruka hapo kama hawakuona. Maumivu ya kudumu kuna ushahidi, ripoti kubwa ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya 2017 ilisema bangi huwasaidia baadhi ya watu wazima. Nafuu ya kiasi, si miujiza. Suala la kubadilisha opioidi kwa bangi ndo linaumiza kichwa. 2014 utafiti ulionyesha majimbo yaliyoruhusu bangi ya matibabu yalikuwa na vifo vya opioidi pungufu kwa karibu asilimia 25, watu wakashangilia dunia nzima, majarida yakaandika. 2019 watafiti wengine wakachukua hesabu ile ile wakaisogeza mpaka 2017, ikageuka, sasa majimbo hayo yana vifo vingi zaidi kwa karibu asilimia 23. Si kwamba bangi ilianza kuua, ni kwamba kulinganisha majimbo hakukuambii chochote juu ya mtu mmoja mmoja, na fentanili ya mitaani ilikuwa imeshaingia. Na huko Australia waliwafuata watu 1,514 wenye maumivu kwa miaka 4, hawakuona kwamba bangi ilipunguza opioidi zao.

Ndoto za vita ni habari nyingine. Kule Kanada 2015 walijaribu kidonge cha nabiloni, kinachoiga THC, kwa wanajeshi 10 wenye kiwewe cha vita, jinamizi likapungua. Watu 10 ni wachache, lakini si bure. Upande wa pili, 2021 kuna majaribio ya kuvuta bangi kwa askari wastaafu 80 Marekani, hata wale waliopewa bandia walipata nafuu, tofauti haikuonekana. Mwongozo wa 2023 wa idara za jeshi na wastaafu huko unasema isitumiwe kutibu kiwewe. Na bangi ina madhara yake, kuna walioingia wazimu, kuna waliokuwa watumwa wake pia.

Kinachonichekesha, au kuniudhi sijui, ni sheria yao. 1970 bangi iliwekwa daraja la kwanza la dawa haramu pamoja na heroini, ambalo maana yake haina matumizi ya tiba, huku oksikodoni na fentanili ziko daraja la pili, daktari anaandika. 2024 serikali ilipendekeza kuishusha. Kabla ya hapo, tangu 1968 mpaka 2021, bangi ya utafiti ilitoka shamba moja tu la Chuo Kikuu cha Mississippi, sasa utapata wapi ushahidi mzuri? Daktari wa idara ya wastaafu anaweza kuzungumza na askari kuhusu bangi, na askari hapotezi mafao yake kwa kukiri, lakini daktari hawezi kumwandikia. Basi anaenda kujinunulia mwenyewe dukani kwa pesa zake.

Kwetu Kenya nayo sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ni kali. Ukienda Kisauni asubuhi utaona foleni ya methadoni, opioidi ya kumtoa mtu kwa opioidi, inanywewa mbele ya muuguzi kila siku, na huyo mtu anaishi. Nilipomwambia mzee hayo akatikisa kichwa. Nikamwambia pia Kanada serikali inawalipia wastaafu bangi tangu 2008, ilikuwa gramu 10 kwa siku, 2017 ikapunguzwa mpaka 3. Mzee akashika mgongo wake, ule ule wa Mtongwe, akafikiria.

"Gramu 3 kwa siku?"

"Tatu, mzee."

"Mimi hapo ningelala mpaka Idd. Lete kahawa."