Usikimbie bugali: yanayosemwa kwenye jimu za Goma na yaliyo kweli

Mwezi uliopita kijana mmoja aliangusha chuma katikati ya jimu tunakofanyia mazoezi, huku Katindo. Hakuumia. Alikaa chini, akashika kichwa, jasho baridi likimtoka kama mgonjwa wa malaria. Kochi alimuuliza swali moja tu.

"Leo umekula nini?"

"Kahawa na mandazi mbili, mukubwa."

"Na jana mangaribi?"

Akanyamaza kidogo. "Jana sikukula bugali. Niko nakausha tumbo."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amebeba bidoni mbili za maji, kila moja lita 20, akipanda nazo juu ya mawe ya lava hadi kwao. Kwa macho yangu hana zaidi ya kilo 62. Tumbo alilokuwa anakausha sikuliona.

Jimu yetu haina kioo cha ukutani wala muziki wa maana. Baadhi ya vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa simenti. Lakini kwa maneno kuhusu chakula, tumetajirika. Kila mtu ana nadharia yake: saa ya kula, mayai mabichi, unga wa kopo. Nimekaa humo miaka sita, na ninachokiona ni kitu kimoja: wengi wetu tunaipa miili kazi ya watu wawili na chakula cha nusu mtu, kisha tunamlaumu kochi.

"Bugali inaleta kitambi"

Hii ndiyo mama yao wote. Kitambi huja pale unapokula nishati nyingi kuliko unayotumia, wiki baada ya wiki, iwe imetoka kwenye bugali, mafuta ya mawese, bia au soda. Bugali haina uchawi wake peke yake.

Wanga wa bugali, wali, viazi au ndizi hugeuzwa kuwa glukosi, na sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini kwa jina la glikojeni. Mtu mzima hutunza gramu 400 hadi 500 hivi, na karibu 100 kati yake ziko kwenye ini. Ukilala chini ya chuma ukakisukuma mara nane, mara kumi, akiba hiyo ndiyo inayochomwa kwa wingi, kwa sababu mafuta ya mwili huwaka polepole mno kwa kazi ya ghafla namna ile. Akiba ikiisha, mikono inakuwa kama uzi. Hapo hata ukipigiwa makofi na jimu nzima, chuma hakipandi.

Anayeacha bugali huona mzani umeshuka kilo mbili ndani ya wiki, anashangilia. Aangalie vizuri: kila gramu ya glikojeni hukaa mwilini na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikipungua, maji yake yanaondoka nayo. Sehemu kubwa ya kilo zile mbili aliikojoa. Siku atakayorudi kwenye sahani, zitarudi pia, naye atasema, "Munaona? Bugali!"

Kama huniamini, simama kando ya barabara inayoshuka kutoka Kibumba, utazame watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wanavyoteremsha viazi na makaa. Mapaja yao hayajawahi kuona mashine. Saa sita mchana utawakuta malewa, vile vibanda vya chakula, kila mmoja mbele yake bugali imesimama kama mlima Nyiragongo, maharagi pembeni, sombe (majani ya muhogo) juu. Tafuta kitambi hapo, uniite.

Lakini nisiwapake mafuta: bugali zinatofautiana. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini isiyofika hata gramu 2. Za unga wa mahindi zina karibu gramu 8. Bugali ya muhogo ni petroli safi, matofali hayamo. Kwa hiyo swali la kweli ni mboga iliyo kando yake. Sahani ya wengi wetu ni mlima wa bugali na vijiko viwili vya sombe, na sombe yenyewe inaogelea. Mlima uache ulivyo. Ongeza maharagi.

Na sombe isidharauliwe. Mzizi wa muhogo hauna protini ya kutaja, lakini jani lake bichi lina karibu gramu 7 katika gramu 100. Sharti litwangwe na kuchemshwa sana, kama mama zetu wanavyofanya, kwa sababu jani bichi lina sumu ya sianidi. Nasema hivi kwa sababu kuna mmoja wetu aliyewahi kutuambia atasaga sombe mbichi na limau, anywe kama juisi ya kijani aliyoiona kwenye simu. Tulimzuia kwa nguvu.

"Bila nyama au unga wa kopo, misuli haiji"

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo pesa za vijana zinapopotelea. Kwa mtu anayenyanyua vyuma akitaka misuli ikue, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri. Kwa kijana wa kilo 65, hizo ni gramu 104. Inasikika nyingi. Basi tuingie Kituku, sokoni kando ya ziwa, tuone.

Asubuhi: uji wenye gramu 50 za unga wa soya, hapo una kama gramu 18. Weka mayai mawili, kila yai gramu 6. Umefika 30. Mchana: gramu 300 za maharagi yaliyokwisha kuiva zinakupa 26, na wali wa kiasi hicho hicho unaongeza kama 8. Jumla 64. Jioni: bugali ya mahindi iliyosongwa kwa gramu 150 za unga, gramu 12, na ndagala au sambaza waliokauka, gramu 50 tu, kiganja kimoja kilichojaa; samaki hao wadogo wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo weka 30. Tumefika 106, na hakuna kipande cha nyama kilichokatwa.

Mahindi na wali vina upungufu wa kiungo kimoja cha protini kinachoitwa lisini. Maharagi na soya wanacho tele. Maharagi nayo yana upungufu wa methionini, na nafaka zinaileta. Hata si lazima vikutane kwenye sahani moja, mradi siku nzima umevila vyote. Bibi zetu hawakujua majina hayo, ila kande walipika.

Sambaza nao wanastahili neno. Hawakuwa wa Ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandikizwa ziwani. Leo ukisimama ufukweni usiku utaona taa za wavuvi zimepangwa juu ya maji kama mji mwingine. Unamla sambaza mzima, kichwa na mifupa, na kalisiamu yake unaipata bure. Halafu mtu anampita mama wa sambaza, anaenda kununua kopo lenye picha ya mzungu aliyevimba shingo.

Ndani ya kopo hilo kuna nini? Mara nyingi ni wei: yale maji ya maziwa yanayobaki fromaji (jibini) ikishaganda, yakachujwa na kukaushwa. Kijiko chake kikubwa cha gramu 30 kina protini gramu 24 hivi, sawa na mayai manne. Ni chakula, wala si sumu, ukiwa na hela na kopo ni halali, kunywa. Sisi tuna fromaji ya Masisi yenyewe, ambayo gramu 100 zake zina zaidi ya gramu 20 za protini. Kitu pekee cha dukani ambacho ningekitetea kidogo ni kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Hiyo inasaidia kweli kuongeza nguvu ya kunyanyua. Lakini kumpa kreatini mtu anayekula mara moja kwa siku ni kumpaka rangi ng'ombe aliyekonda.

"Yai bichi lina nguvu zaidi"

Hapana. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwalisha watu watano mayai kwa namna zote mbili, wakapima. Protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91 hivi, ya yai bichi asilimia 51. Watu watano ni wachache, lakini tofauti yenyewe ni kubwa. Ongeza hatari ya salmonela, hasa mayai yakiwa yamekaa juani kwenye trei siku nzima. Chemsha.

"Kuna kidonge cha kunenepesha, kinajaza mwili haraka"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa watu wanaumia kimyakimya.

Vidonge hivyo vinauzwa moja moja, vimefungwa kwenye kikaratasi, wakati mwingine bila jina. Dada zetu wanavitafuta kwa ajili ya makalio, vijana wa jimu kwa ajili ya kifua. Mara nyingi huwa ni viwili pamoja. Cha kwanza ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo ina tabia ya kufungua hamu ya kula na kuleta usingizi. Cha pili ni deksametasoni, ambacho ndicho kinachonitisha.

Deksametasoni ni dawa ya heshima mikononi mwa daktari. Mwaka 2020 ilionekana kuokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Covid. Ila mtu mzima wa afya akiimeza kila siku ili "ajaze", mwili unazuia maji na chumvi, uso unakuwa mviringo kama mwezi, mafuta yanajipanga tumboni na nyuma ya shingo. Kwenye picha anaonekana amenenepa. Misuli yenyewe inavunjwa, kuanzia mapaja na mabega, yaani pale pale anapohangaika na chuma. Sukari ya damu inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika, na kinga ya mwili inashuka.

Nilimwona mmoja. Mashavu yalijaa ndani ya wiki chache, tukamsifu, Mungu atusamehe. Baada ya miezi miwili alikuwa anashika ukuta ili ainuke kutoka kuchuchumaa, bila uzito wowote begani.

Na kuna mtego wa mwisho. Ukiitumia kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni ya asili ambayo dawa hii inaiiga. Ukiacha ghafla, unaweza kuzimia, kutapika, presha ikashuka hadi kufa. Kwa hiyo ndugu, dada, kama umeshavimeza kwa muda, usivitupe leo kwa sababu umesoma hapa. Nenda kwa daktari na kile kikaratasi mkononi, umwambie ukweli wote, akupunguzie taratibu.

Mengine ya haraka haraka

"Mazoezi ya tumbo tupu yanachoma mafuta." Saa ile unachoma mafuta kidogo zaidi, ndiyo, lakini siku nzima ikihesabiwa tofauti inafutika, na chuma unakinyanyua vibaya. Kula mlo wako kamili saa mbili au tatu kabla. Kama muda haupo, ndizi mbivu moja au mbili nusu saa kabla zinatosha.

"Nikijifunga nailoni tumboni nitatoa mafuta kwa jasho." Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kupoza mwili. Kilo moja iliyopotea kwa jasho ni lita moja ya maji unayopaswa kurudisha.

"Bia ni shayiri, inajenga." Chupa kubwa ya santilita 72 yenye pombe asilimia 5 ina karibu gramu 28 za pombe, na pombe hupunguza kasi ya mwili kutengeneza misuli. Kunywa kwa sababu unaipenda, usiilipe mshahara wa kochi.

"Usipokula ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, umepoteza kila kitu." Mlango haufungwi haraka hivyo. Ukila ndani ya saa mbili uko sawa, hasa kama ulikula vizuri kabla.

"Kula usiku kunageuka mafuta." Mwili hauna saa ya ukutani inayoamua bugali ya saa mbili usiku iwe kitambi. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku. Wengi wa Goma wanarudi nyumbani giza limeshaingia. Wakizuiwa kula saa hiyo, watakula saa ngapi?

Wapo pia wanaokula mara moja kwa sababu mfuko umeamua. Miye nakulaka mara moja, mukubwa, nifanye je? Niliulizwa hivyo na sikuwa na jibu la kopo. Nilimwambia apunguze mazoezi kutoka siku sita hadi tatu, na hela ndogo iliyopo iende kwenye maharagi, soya na karanga kabla ya kitu kingine. Misuli hukua siku za kupumzika, na siku tatu za shibe zinaleta zaidi kuliko sita za njaa.

Yule wa bidoni bado anakuja. Mlangoni petu kuna mama anayeuza ndizi kwenye beseni, na siku hizi anamfahamu kwa jina. Ya kwanza anaimaliza kabla hajafunga kamba za viatu. Ya pili anaificha nyuma ya makopo ya simenti, tusimwombe.