Kabla hujatoa damu kwa ajili ya mwasho, vua shati

Wiki haipiti bila mgonjwa kuniwekea mezani majibu ya kipimo cha mzio. Mama mmoja alikuwa ameikunja karatasi mara nne, akaihifadhi ndani ya kadi ya kliniki ya mwanawe. Mayai, maziwa, karanga, samaki: vyote vimeandikiwa "chanya". Miezi minne mtoto anakula uji mtupu na wali kwa mchicha. Uzito umeshuka, na mikunjo ya viwiko bado minene, mikavu, imechubuliwa na kucha.

"Daktari, nimnyime nini tena?"

Nilimuuliza: kabla ya kipimo, alipokula mayai alivimba midomo? Alitapika? Alibanwa kifua? Hapana. Basi mrudishie vyakula hivyo, mama, nikamwambia. Kipimo kile hutafuta kingamwili za IgE, yaani chembe za kinga ya mwili zinazohusika na mzio. Mtoto mwenye pumu ya ngozi mara nyingi huwa nazo, lakini kuwa nazo si lazima chakula kimdhuru. Kilichomtuliza ni mafuta mazito ya kupaka kila siku na krimu ya steroidi kwenye mikunjo, kwa siku nilizompangia.

Sisemi damu isipimwe. Kuna mzee aliyewashwa miezi mitatu na kutibiwa upele (ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi) mara mbili, bila nafuu. Nikamwomba avue shati. Mabegani na kiunoni palijaa michubuko, lakini katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, ngozi ilikuwa safi kabisa. Alama zote zilikuwa za kucha zake. Chanzo kilikuwa ndani. Kwa mtu wa namna hiyo napima wingi wa damu, madini ya chuma, figo, ini, tezi ya shingo, sukari na VVU. Kreatinini yake, taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa juu sana, na siku ileile nikampeleka kwa wenzangu wa figo. Angekuwa anakonda, anatoka jasho usiku na ana mitoki, ningetafuta pia saratani ya mitoki.

Upele wenyewe hauna kipimo cha damu. Naangalia katikati ya vidole, nauliza nani mwingine nyumbani anajikuna usiku.

Kuna damu moja ambayo wagonjwa huikwepa, nami siwezi kuiacha: ya wanaotumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili kwa magonjwa sugu ya ngozi. Ngozi ikishalainika hawaoni sababu ya kurudi maabara. Dawa hiyo inaweza kuumiza ini na kupunguza chembe za damu kimyakimya, kwa hiyo siandiki dozi inayofuata kabla sijaona majibu.