Kisiwa cha Prospero hakiko Bermuda, na dhana nyingine potofu kuhusu mahali pa tamthilia za Shakespeare

Wengi wanaamini kwamba The Tempest, tamthilia ya mchawi Prospero anayeishi kisiwani, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Tufani, inatokea Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki. Asili ya dhana hiyo inaeleweka. Mwaka 1609 meli ya Kiingereza, Sea Venture, ilikuwa njiani kwenda Virginia ilipopigwa na dhoruba ikakwama Bermuda, na habari za manusura zilikwisha kufika London kabla tamthilia haijachezwa mbele ya mfalme mwaka 1611. Lakini fuata safari iliyomo ndani ya mchezo. Mfalme Alonso anatoka Tunis alikomwoza binti yake, anarudi kwao Naples. Meli ya njia hiyo haifiki Bermuda hata ipeperushwe na pepo gani. Kisiwa kiko Bahari ya Mediterania. Bermuda yenyewe inatajwa mara moja tu, Ariel, pepo anayemtumikia Prospero, anapokumbusha kwamba aliwahi kutumwa huko usiku wa manane kuchota umande. Mtu hatumwi mahali alipo.

Kuhusu Macbeth, watu husema alimuua Duncan, mfalme wa Uskoti, kitandani katika kasri la Glamis. Hapa makosa ni mawili. Katika mchezo, Macbeth ni bwana wa Glamis tu. Mauaji yanafanyika Inverness. Katika historia hakukuwa na kitanda: Duncan alikufa vitani karibu na Elgin mwaka 1040, na kasri la Glamis tunaloliona leo lilijengwa karne kadhaa baadaye. Macbeth naye hakufia Dunsinane kama ilivyo katika mchezo. Aliuawa Lumphanan mwaka 1057.

Dhihaka inayopendwa zaidi ni ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech: eti Shakespeare hakujua kwamba nchi hiyo haina pwani, ndiyo maana katika The Winter's Tale meli inatia nanga huko. Ben Jonson, mwandishi mwenzake wa tamthilia, alimcheka kwa hilo mwaka 1619. Ukweli ni kwamba hadithi aliichukua kwa mwandishi Mwingereza Robert Greene, aliyeitoa mwaka 1588, na meli za Greene tayari zilikuwa zikifika Bohemia. Greene alikuwa na shahada za Cambridge na Oxford zote mbili! Wapo wanaomtetea Shakespeare kwa kusema kwamba katika karne ya 13 mfalme Ottokar II wa Bohemia alitawala hadi karibu na Adriatiki. Mimi naona utetezi huo hauhitajiki. Nchi iliyo mbali ilitosha.

Roshani ya Juliet, wa Romeo and Juliet, huko Verona? Maandishi yanamweka msichana dirishani, na roshani wanayopigia picha watalii iliwekwa karne ya 20. Hata vile vichwa vya maonyesho, "sehemu nyingine ya msitu" na kadhalika, vingi si vya Shakespeare. Viliongezwa na wahariri kuanzia Nicholas Rowe mwaka 1709, ilhali jukwaa la Globe, ukumbi wa Shakespeare huko London, halikuwa na mandhari ya kuchorwa. Mahali palijulikana kwa maneno ya waigizaji.

Ndiyo maana jabali la Dover linanifurahisha kuliko yote. Linaitwa Shakespeare Cliff kwa heshima ya King Lear, na wageni hudhani Gloucester, mzee mmoja katika mchezo huo, alijirusha kutoka hapo. Hakufika. Ni kipofu, na mwanawe Edgar anamdanganya kwa kumsimulia kunguru na mashua zilizoonekana ndogo chini kabisa. Gloucester anaruka, anaanguka kifudifudi kwenye tambarare.