Kupima uzito wa watoto shuleni: BMI ya mtoto ina maana gani

Huko Uingereza, watoto wa shule za serikali hupimwa uzito na urefu mara mbili: wakiwa na miaka 4 au 5, kisha wakiwa na miaka 10 au 11. Mpango huo ulianza mwaka wa masomo wa 2005/06. Mtoto huvua viatu, hupimwa na nguo zake nyepesi, na majibu hayapewi mwalimu wala wanafunzi wenzake. Mzazi akikataa, mwanawe hapimwi.

Kinachotafutwa ni BMI: uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Chukua mtoto wa kike wa miaka 9, kilo 34, urefu mita 1.30. BMI yake ni 20 hivi. Mtu mzima mwenye 20 yuko sawa kabisa, lakini mtoto huyu, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2007, ana uzito uliozidi. Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa. Sababu ni kwamba BMI ya mtoto hushuka baada ya mwaka wa kwanza, ikafika chini kabisa kwenye miaka 5 au 6, halafu ikaanza kupanda. Ndiyo maana hulinganishwa na watoto wa umri na jinsia yake. Akiwa kwenye pasentaili ya 90, kati ya watoto 100 amewazidi kama 90.

Kufuatilia ni kupima tena na tena. Mama aliyewahi kubeba kadi ya kliniki anajua kwamba nukta moja haisemi mengi. Muuguzi hutazama mstari unaelekea wapi. Aliyekuwa katikati akapanda ghafla, au akaporomoka, ndiye wa kuchunguzwa mapema. Na hata hapo kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, hivyo hakitoshi kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, bila kuonwa na daktari.

Utafiti mkubwa wa shule za California, uliochapishwa 2021, ulionyesha kuwa kuwatumia wazazi ripoti ya BMI hakukuboresha uzito wa watoto. Kwa maoni yangu, shule inayopima lazima iwe na muuguzi au mtaalamu wa lishe wa kumpokea mzazi mwenye maswali. Ukiletewa barua ya majibu ya mwanao, uliza vipimo vyake vya nyuma vilikuwaje, na usiisome mbele ya ndugu zake. Jina la “bonge” likianzia nyumbani, huko shuleni halitamwacha.